Kikohozi cha Mzee wa Chome

Tangu biashara iachiwe huru, Same mjini dawa zimejaa madukani. Juzi nilisimama kwenye duka moja la dawa nyuma ya mzee aliyeshuka kutoka Chome. Aliomba chupa ya tatu ya dawa ya kikohozi.

"Shikamoo baba. Unatumia dawa gani nyingine?" muuzaji akamuuliza.

"Marahaba." Akafungua kipande cha gazeti: kaptopril, vidonge vya presha.

"Hivi huwakohoza baadhi ya watu. Makohozi ulipima?"

"Nilipima. Hawakuona kifua kikuu."

"Basi usiviache, ila mwone daktari akubadilishie."

Mzee akapiga meza kwa furaha. "Niandikie hayo, mwanangu, ugonge na muhuri! Wenzangu wamenitenga. Kata ya kunywea dengelua, ile pombe yetu ya miwa, inazunguka kwa wote. Mimi nimepewa kikombe changu cha plastiki!"

Muuzaji akaandika, akagonga muhuri, kisha akainua macho. "Na daktari anajua kwamba unakunywa pombe?"

Mzee akaikunja karatasi taratibu, akaitia mfukoni, akakohoa kwa muda mrefu sana.

Udaktari sikusomea, lakini kikohozi kile hakikutoka kwenye vidonge.