Filamu ya Picha ya Bibi Ephrasia

Aurelia Ndunguru hupiga picha za pasipoti na za harusi pale Mbinga mjini, lakini mapenzi yake yako kwenye kamera kubwa ya mbao aliyoachiwa na bruda mmoja mzee wa misheni aliyerudi kwao Ulaya. Kamera hiyo hutiwa filamu kipande kimoja kimoja, kila kipande kikubwa kama kiganja. Ukikosea, kipande kimekwenda.

Mwaka jana Bibi Ephrasia wa Chiwanda, kijiji cha kando ya ziwa, alimwita. Alikuwa anatimiza miaka tisini, akataka picha moja kubwa ya ukoo mzima. Aurelia akampigia simu Abdulmalik, mwenye duka jirani, aliyekuwa Dar es Salaam akifunga mzigo.

"Dada, filamu za rangi za kamera yako zimebaki boksi mbili tu," Abdulmalik alisema. "Moja slaidi, moja negativu. Nichukue ipi?"

Moyo wa Aurelia ulikuwa kwenye slaidi. Slaidi ukiishika dirishani, unaliona ziwa na rangi zake zote, huhitaji hata mashine. Lakini haina huruma na jua kali. Akaufikiria mchanga mweupe wa Chiwanda, na nyuso chini ya kofia na mitandio. Slaidi ingeuunguza mchanga ukatoka mweupe mtupu, au ingezimeza nyuso kwenye kivuli. Negativu, ingawa rangi zake hutoka kinyume, ingebeba vyote viwili, kisha kwenye skana angevitoa taratibu.

"Chukua negativu," alisema, shingo upande.

Siku yenyewe watu arobaini na wawili walijipanga mbele ya nyumba. Aliyekosekana ni Joakim, kitindamimba wa Bibi, ambaye hakuwa anazungumza na mama yake tangu wagombane juu ya shamba la mihogo. Bibi hakumtaja. Aurelia akajifunika kitambaa chake cheusi, akalenga, akawaomba watulie, akapiga vipande sita.

Alizisafisha filamu mwenyewe nyumbani, gizani, kwa dawa zilizopashwa kwenye beseni la maji ya moto. Zilipokauka akaziweka kwenye skana. Picha ilitokea imepauka, kama kanga iliyofuliwa mno, naye kwenye kompyuta akaanza kuifungua vivuli, hapa kidogo, pale kidogo. Nyuma kabisa ya watu, kwenye giza la mlango wa jiko, likatokea shati, halafu mkono, halafu uso.

Alipoipeleka picha Chiwanda, Bibi aliisogeza karibu na macho.

"Huyu wa jikoni ni nani?"

"Simjui, Bibi. Hata siku ile sikumwona."

Bibi Ephrasia aliugusa uso ule kwa kidole. "Joakim," alisema. "Na shati la baba yake." Kisha akamgeukia mjukuu wake, Hilda. "Kamwambie aje ale. Mwambie kuna samaki, mbasa wa ziwani."

Joakim alikuja wakiwa bado mkekani wakila. Akasimama mlangoni, kofia mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kaa, ugali unapoa."

Aurelia akasogea kumpisha.