Viatu vya Papa na Alternatere Mpya

Siku chache baada ya mimi kubadilisha alternatere ya kamyoneti yetu, Papa, baba yangu, aliacha kuvaa viatu asubuhi. Alishinda na kambambili zake za mpira, na kila nilipopita mlangoni kwake niliziona, nikajisikia vibaya. Hakunilaumu hata siku moja. Angenilaumu ningemjibu, maana kujibu najua, na jambo lingeisha.

Niseme kwanza namna tulivyokuwa. Nyumba yetu iko juu, kwenye barabara ya udongo inayoteremka kuelekea Nyawera, na hapa Bukavu mtu mwenye gari la zamani anajua namna ya kulilaza: pua chini, mawe mbele ya magurudumu. Alternatere ndiyo inayochaji batri gari likitembea, na ile yetu ilikuwa ndogo, tena imezeeka pamoja na gari lenyewe. Kwa hiyo batri ililala na njaa kila siku. Asubuhi ufunguo haukusaidia kitu, gari lilitaka kusukumwa.

Na hapo ndipo palipokuwa na kazi ya Papa. Kazi yenyewe si kusukuma, ni kushika volan, yaani usukani. Daktari alimkataza kuendesha kwa sababu ya macho, na Papa, aliyemaliza mgongo wake kwenye barabara ya Kamanyola akibeba mihogo na watu kwa gari, alikubali yote isipokuwa mteremko wetu. "Mimi siendeshe," alisema. "Mimi nawasha tu."

Kila asubuhi alinyoa ndevu, akavaa viatu vyeusi na koti, akatoka polepole kama mtu anayeenda ofisini. Jirani yetu seremala alikuja na kikombe chake cha chai mkononi, na wengine wawili watatu wakaacha walichokuwa wakifanya. Tuliondoa mawe, tukaegemea nyuma ya gari. Papa alitoa kichwa dirishani. "Mutasukuma ao munaniangalia?" Tukasukuma. Gari lilipofika kwenye ukuta wa kanisa aliinua mguu kuachia ambreyaji, ile klachi, moteri ikashtuka, ikashika. Alisimama chini kabisa, penye robine, bomba la maji, akatoka bila kuzima, akanikabidhi. "Kamata gari yako." Halafu akapanda mlima kwa miguu kurudi nyumbani, akisimama kwa huyu na kwa yule, kuuliza mtoto mgonjwa ameamkaje, kumtania maman muuza makala na magunia yake ya mkaa. Kuna siku alifika nyumbani chakula kiko tayari mezani.

Mimi sikuona uzuri wowote hapo, niliona kuchelewa tu. Ninapikia watu kwenye ndoa na kwenye vilio vya misiba, na sufuria za wali na sombe hazingoji mzee achague koti. Kulikuwa na aibu pia. Siku moja tulitoka kwenye ndoa Kamanyola, kule kwenye tambarare ambako hakuna mteremko wa kukuokoa, gari likakataa mbele ya wageni wote. Wakwe wenye suti zao ndio waliosukuma. Kwenye kona za mlima giza likatukuta, taa za gari zikafifia mpaka zikabaki kama kibiriti, nikaendesha huku nikisali kwa sauti. Nilipofika nyumbani niliapa kwamba sitasukumwa tena maisha yangu.

Fundi akanitafutia alternatere iliyotoka kwenye gari kubwa zaidi, yenye nguvu karibu mara mbili ya ile yetu. Haikukubali kukaa mara moja. Ilikuwa nene, ikabidi akate chuma na kuchomelea kishikio kingine, atafute mkanda mrefu zaidi, kisha apange kila kitu kwenye mstari mmoja, maana ikipinda kidogo tu mkanda unalika. Hata waya wa kwenda kwenye batri aliubadilisha, akaweka mnene, akasema ule wa zamani ungeungua kwa umeme mwingi namna hiyo. Muda wote huo Papa alikaa kwenye kiti uani, amevaa viatu vyake, ile alternatere ya zamani iko mapajani. Hakuna aliyemuuliza kitu, wala mimi sikumuuliza.

"Sasa itawaka yenyewe?" aliniuliza jioni.

"Yenyewe, Papa. Hata asubuhi ya mvua. Weye utalala tu, utapumuzika."

"Aksanti, mwana wangu. Umefanya muzuri."

Ile aksanti inanichoma mpaka leo. Nilimwambia baba yangu alale kana kwamba ninampa zawadi, na yeye akaipokea kwa adabu kama anavyopokea chakula asichokipenda kwa watu.

Asubuhi iliyofuata nilizungusha ufunguo, moteri ikawaka kabla sijamaliza kuvuta pumzi. Nikafurahi kama mjinga. Nilipogeuza gari nikamwona Papa amesimama mlangoni, amenyoa, koti limefungwa vifungo vyote. Nilimpungia mkono, nikaenda zangu.

Siku zilizofuata alitoka bila koti. Baadaye akatoka na kambambili. Baadaye hakutoka. Ndevu zikaota nyeupe mashavuni, na yeye ndevu ni kitu ambacho hakuvumilia hata kwa wageni. Seremala alinitania njiani, "Maman, gari yako imekuwa na kiburi, haitusalimie tena," tukacheka wote wawili. Lakini pale kwenye robine yule maman muuza makala alinishika mkono. "Muzee iko mugonjwa?"

"Hapana, anapumuzika," nilimjibu, na nilimjibu vibaya, kwa ukali ambao hakustahili. Niliendesha mpaka sokoni roho ikinisuta. Mgonjwa hakuwa, ila nilikuwa nimemnyang'anya mahali pa kwenda.

Nikajaribu kurekebisha. Nilimwambia apande kando yangu, twende wote kwenye ndoa, akae, ale nyama. "Mimi si muzigo," akasema, akageukia ukuta. Nikamwambia aje aone namna mkanda unavyozunguka vizuri. "Nimeusikia," akasema. Na kweli, aliusikia kila asubuhi akiwa kitandani, na mimi nilijua anausikia. Kuna asubuhi nilikaa kwenye gari na ufunguo mkononi nikiona haya kuuzungusha.

Ndipo nikajifanya mjanja. Jumamosi moja nilililaza gari kama zamani, pua chini, nikaweka mawe. Nilifungua kapo, kifuniko cha moteri, nikalegeza kichwa cha waya wa batri mpaka kikatoka, nikafunga tena. Kisha nikaenda mlangoni kwa Papa. "Papa, gari inakatala. Niko na ndoa, watu wananingojea. Uje ushike volan."

Alikaa kitandani kwa muda. Halafu nikasikia maji kwenye beseni, na wembe. Nilisimama nje nikimwita seremala kwa mkono kama mwizi anayemwita mwenzake. Papa akatoka na viatu vyeusi na koti. Koti lilikuwa limemzidi mabegani, na sikuwa nimeona anavyokonda.

Hakuingia ndani ya gari. Alisimama mbele yake. "Fungua kapo."

"Papa, tusukume tu, nimechelewa."

"Fungua."

Nikafungua. Macho yake hayaoni vizuri, lakini vidole vilikwenda moja kwa moja kwenye batri, vikakigusa kile kichwa kilicholala pembeni. Vikakaa hapo. Nilitamani ardhi inimeze. Alikirudisha mahali pake, akakikaza kwa mkono, akaongea chini chini ili seremala asisikie.

"Usifanye tena hivi. Gari ikishika bila batri, alternatere yako mupya inaungua." Akajipangusa vidole kwenye leso. "Ukitaka niamuke, uniambie: Papa, amuka. Mimi nitaamuka."

Nikafunga kapo tu, mimi ninayejua kujibu. Nilidhani atarudi ndani. Alizunguka gari, akapanda, akakaa kwenye volan, na ufunguo hakuuzungusha mpaka mwisho ingawa alijua kwamba moteri ingewaka mara moja. Akatoa kichwa dirishani.

"Mutasukuma ao munaniangalia?"

Seremala aliniangalia mimi, akaangalia kapo, akaweka kikombe chake juu ya ukuta. Tukaondoa mawe, tukasukuma gari zima lisilo na ubovu wowote, na pale penye ukuta wa kanisa Papa akaachia ambreyaji, moteri ikashika. Nilikimbia nyuma yake mpaka kwenye robine. Alishuka akihema, akaacha gari linaunguruma. "Kamata gari yako."

Nikaketi. Kwenye kioo nikamwona anapanda. Zamani alisimama pale penye mtu wa kusalimia. Safari hii alisimama mahali pasipo na mtu, mkono kwenye ukuta, akavuta pumzi. Akapiga hatua kidogo, akasimama tena. Zile siku za kulala zilikuwa zimemla miguu.

Nikazima moteri.

Sikuwahi kuizima pale chini. Miaka yote ile, moteri ikishashika, niliogopa kuizima, kwa hiyo niliondoka, naye akapanda peke yake. Nilipomfikia alikuwa ameegemea ukuta wa kanisa.

"Mbona umezima?" alisema kwa hasira. "Itakatala."

"Haitakatala, Papa. Iko na alternatere mupya."

"Na ile ndoa yako? Watu wanangojea chakula."

"Wangojee."

Nikampa mkono wangu. Alikataa kwanza, akajifanya anafunga kifungo cha koti, kisha akaushika. Mkono wake ulikuwa mwepesi kuliko nilivyoukumbuka. Tukapanda tukisimama kila alipotaka, naye alipopata pumzi akaniuliza kama yule maman wa makala bado anauza palepale. Nikamwambia ndiyo, na kwamba alimuulizia.