Mama Mdogo na Chaguo la Pili

Mwaka ule mji wetu wa Minneapolis, Marekani, ulipoanza kupiga kura kwa kupanga wagombea kwa mfuatano, wa kwanza mpaka wa tatu, nilikuwa nimechoka hata kivuli changu kilikuwa kikiburutwa. Nilifanya zamu ya usiku ghalani Shakopee, mji wa jirani. Nikifika nyumbani nataka kitanda tu. Lakini nilikuwa nimemaliza shule ya jioni, na kwa ukoo wetu cheti kile kilinifanya bingwa wa kila jambo la serikali, kuanzia bili ya maji mpaka katiba.

Kwa hiyo asubuhi ya uchaguzi nilimkuta mama mdogo wa mke wangu sebuleni, ameshavaa koti, ananisubiri. Alikuwa ameapishwa uraia karibuni, na hii ndiyo kura yake ya kwanza. Alimtaka mama mmoja mgombea udiwani, aliyeahidi taa za kuvukia barabara pale kituo chetu cha basi, ambapo magari yalishamkosakosa mama mdogo zaidi ya mara moja.

Kwenye kituo cha kupigia kura niliruhusiwa kumsaidia. Karatasi ilikuwa na safu tatu: chaguo la kwanza, la pili, la tatu. Kabla sijafungua mdomo, alishamwekea alama yuleyule mgombea wake katika safu zote.

"Mafiga matatu," akaninong'oneza kwa fahari. Nyumbani Tanzania ndivyo tulivyohimizwa kwenye kampeni: rais, mbunge na diwani, wote wa chama kimoja.

"Mama, hapa kiti ni kimoja. Ukimwandika mara tatu, anahesabiwa mara moja. Akishika mkia anatolewa, na kura yako imeishia hapo. Ukiweka mwingine wa pili, inahamia kwake."

"Si nitakuwa nimempunguzia wa kwanza?"

"Humpunguzii. Wa pili haguswi mpaka wa kwanza atolewe."

"Haya ndiyo uliyosomea usiku?"

"Jioni, mama."

Tukaomba karatasi mpya. Wa kwanza akabaki yule mama. Wa pili alimfikiria kwa muda ambao ningeweza kulala nikaota na kuamka. Mwishowe akamchagua bwana mmoja aliyewahi kubisha hodi kwetu akavua viatu mlangoni bila kuambiwa. Safu ya tatu akaiacha wazi. "Hao wengine siwajui."

Hesabu ilifanywa kwa mikono, ikachukua muda. Matokeo yalipotoka, mgombea wake alikuwa ametolewa mapema, na yule bwana ndiye aliyeshinda. Nilimweleza nikiwa kwenye kochi, nimefumba macho.

"Kwa hiyo kura yangu ilikwenda kwa huyo bwana?"

"Ndiyo, mama."

"Basi taa ataziweka yeye." Akaniwekea simu kifuani. "Mpigie. Mwambie mimi ni mmoja wa waliomweka."

"Mama, ndiyo kwanza natoka kazini."

"Na mimi ndiyo kwanza naenda. Barabara ni ileile."

Nikainuka nikakaa, nikaanza kutafuta namba ya ofisi yake.