Orodha ya Watu Mashuhuri wa Kiabakari

Cheka ukitaka, lakini mimi nilikaa naye benchi moja, mchana kweupe, hapa hapa Kiabakari.

Mtendaji wa kata alinituma niandike kurasa mbili kuhusu kata yetu: inapakana na wapi, watu wanaishije, na wenyeji wake mashuhuri ni nani. Nilikuwa barazani kwa ofisi na majina yangu: mwalimu wa kwanza, Bibi Nyangeta mkunga, ambaye nilimjua kwa jina tu, Mzee Juma fundi cherehani, aliyekuwaga anawashonea yatima sare bure. Akaja bibi mmoja wa gauni la maua ya njano, akakaa, akaomba nimsomee. Nikasoma. Nilipomtaja mkunga akacheka, akasema mimi nilizaliwa kwa kutanguliza miguu. Kweli nilitanguliza. Nani alimwambia?

Halafu akauliza mbona Magesa hayumo.

Magesa alichimbaga dhahabu, akatoweka, watu wakasema kaiba kakimbia. Binti yake, Wegesa, anauza uji stendi, na mpaka leo wapo wanaomwita mtoto wa mwizi.

"Hakukimbia," bibi akasema. "Shimo lilipoporomoka alirudi kumsukuma Juma atoke. Muulize Juma."

Nikainama kuandika. Nilipoinua kichwa, nilikuwa peke yangu.

Nikaenda kwa Mzee Juma. Kumsomea tu hayo maneno, akaacha kukanyaga cherehani, akauliza nani kanipa habari. Nikamweleza yule bibi na gauni lake.

"Huyo ni Nyangeta, mama yake Magesa," akasema. "Gauni hilo nilimshonea mimi, la kuzikwa nalo. Wewe ulikuwa hujaanza kutembea."

Kisha akanieleza kwamba ni kweli, Magesa alifukiwa mle; waliingia shimo lile bila ruhusa, naye hakusema kwa kuogopa kufungwa. Na kadiri miaka ilivyokwenda ndivyo mdomo ulivyozidi kuwa mzito.

Jioni ile nilimsindikiza stendi. Akamwambia Wegesa yote mbele ya wateja. Wegesa alimsikiliza mpaka mwisho, akafuta mikono, akamwekea kikombe cha uji. Walikuwa wanalia wote wawili.

Sasa Magesa yumo kwenye orodha, na Juma sikumfuta, Wegesa alinikataza. Benchi lile nikilikalia, najibanza pembeni, naacha nafasi. Nawe ukitumwa kuandika habari za kwenu, niamini, usimwache mtu nje kwa maneno ya stendi. Waliokupokea duniani wanaweza kuja kukusomesha ulichoandika.