Waliofundishia Juu ya Tumbo Langu

Shule niliishia darasa la nne, lakini juu ya tumbo langu wamefundishia mara mbili.

Mara ya kwanza nilikuwa na uchungu, hospitalini mjini Kigoma. Daktari alikuja na wanafunzi wake wakanizunguka. Nilimnong'oneza mmoja wao kwa Kiha, binti wa kwetu, kwamba mtoto hajacheza tangu alfajiri. Binti akafungua mdomo. Daktari akamkatiza: "Nimekuuliza wewe?" Akaendelea na maswali yake ya Kiingereza, anayeshindwa anasimama nyuma. Muuguzi mkuu wa wodi akacheka. Binti akarudi nyuma.

Mwanangu alitoka amekufa. Walioniulia ni hao wawili, daktari na muuguzi mkuu. Binti simlaumu. Mume alivumilia mwaka mmoja, akaenda kuoa kijiji cha Kidahwe. Nikabaki kijijini kwetu Ilagala naanika dagaa, jioni najibizana na redio.

Mara ya pili ni mwaka huu. Zahanati yetu ilitafuta akina mama wa kujifanya wagonjwa mjini, kwenye kozi ya kuwafunza madaktari namna ya kufundisha wodini. Nikasikia na yule daktari yumo. Nikakubali, wala si kwa wema.

Ana mvi sasa. Mimi walinifunga mto tumboni nikalala kitandani. Zamu yake ilipofika alinisalimia, akaomba ruhusa yangu, akamgeukia mwanafunzi kwa upole: "Mama amekwambia nini?"

"Mtoto hachezi, Daktari."

"Vizuri umesema. Tusikilize mapigo ya moyo wake."

Basi. Kwa muda huo hata chai isingepoa. Kumbe hata siku ile aliyaweza.

Mkufunzi wa kozi, mama mmoja mtu mzima, akasema, "Hapa mgonjwa naye anatoa maoni. Mama, mwalimu wetu amefanyaje?"

"Leo kafundisha vizuri," nikasema. "Siku yangu hukufundisha hivi, Daktari. Ulimnyamazisha binti aliyetaka kukuambia mtoto hachezi. Mtoto akafa."

Akatazama karatasi zake. "Pole sana, Mama. Wagonjwa ni wengi, sikumbuki."

"Pole majirani wamenipa. Wewe sema tu kwamba ulimnyamazisha."

"Zamani sote tulifundishwa hivyo hivyo, Mama."

"Sijakuuliza ulivyofundishwa."

Mtu akaguna nyuma. Mkufunzi hakuniokoa wala hakumwokoa. Alisubiri, na kwa hilo namshukuru. Daktari akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena. Chai ilipotangazwa alikuwa wa kwanza mlangoni.

Mkufunzi akanifungua mto taratibu. "Mama, ukitaka kupumzika kesho tutatafuta mwingine. Nyumbani watakuwa wanakungoja."

Nikamwambia hakuna anayeningoja. Nikamwuliza kozi ina siku ngapi.

"Tano."

"Na yeye anarudi kesho?"

"Lazima arudi, la sivyo hapati cheti."

"Basi kesho unifunge mto huo huo, mbele yake."