Bawa Lisiloogopa Moto

Wengi hapa Kasongo wameshacheka, basi chekeni nanyi. Miaka mingi nilitangatanga nchi za watu, nikatengeneza mabawa ya turbini za umeme, yale yasiyolainika hata katika gesi inayowaka. Kwetu kuliponiita, nilirudi nikamwomba dada yangu mkubwa, yaya Feza, kibanda chake nianze kumimina vyuma vya mashine za kusaga unga.

"Onyesha kwanza chenye unajua," akasema. "Mutu wa kutembea kama weye, kesho tutakuona na begi mukononi."

Nikachonga bawa kwa nta ya nyuki, kama kiwandani: nta huvikwa udongo, huyeyushwa itoke, kisha chuma humiminwa mahali pake. Nikaliweka uani juu ya bati, nikalifunika kitambaa cheusi, nikakusanya majirani. Nilihubiri mpaka jua likafika utosini.

"Tazameni bawa lisiloogopa moto!" Nikavuta kitambaa. Nta ilikuwa imetapakaa batini kama uji.

Yaya akainama, akachungulia. "Mudogo wangu, kweli moto haiogope. Iko naogopa jua tu."

Kicheko kilipotulia, nikauliza nani ana nta nyingine.