Seti ya Siafu ya Wifi Mwahija

Wifi yangu Mwahija ana ulimi ambao ukikupitia asubuhi, mpaka jioni bado unajipangusa. Nasema haya na huku nampenda. Tumeishi ua mmoja hapa Kilwa Kivinje tangu kaka yake, Bakary, aliponioa, na kama ningekuwa mtu wa kununa, ningekwisha kununa mpaka nikafa. Yeye ni somo. Mabinti wa mtaa huu wakiwekwa ndani kabla ya harusi, yeye ndiye anayewafunda. Mkononi hakosi ukili, maana mikeka ndiyo inayomlisha. Mambo ya wanaume anayajua kuliko wanaume wenyewe.

Kwa hiyo mshenga alipoleta posa ya binti yangu Warda, macho yote yalimgeukia yeye. Kwetu baba ndiye anayeitikia, lakini shangazi asiporidhika, harusi hiyo haina wa kuisimamia. Muoaji ni Yasini, fundi simu wa Kilwa Masoko, kijana mpole, mwenye salamu zake. Warda alikuwa anamtaka mpaka hali vizuri. Mimi nilikuwa namtaka zaidi, sifichi. Binti yangu alikwisha kukataa wachumba kabla ya huyu, na majirani wa hapa kazi yao ni kukumbushana umri wa watoto wa wenzao.

Wifi akasema hana neno. Nikaanza kuwaza wali wa harusi, kumbe nimewahi mno. Haikupita wiki, mpita njia mmoja asiye na kazi akaja kumwambia kwamba Yasini kila Jumamosi akifunga kibanda chake anakwenda kwenye baraza la mtu mmoja, Alex, kucheza karata.

Loh, hapo ndipo pilipili ilipoingia jichoni. Marehemu mumewe Mwahija, Fakihi, alikuwa mtu mzuri tu, mwenye shamba la mikorosho huko Milola, na kamari ilimla hai. Fedha za korosho zilikuwa hazifiki nyumbani. Mwisho akaucheza na mlango wenyewe wa nyumba, mlango wa mninga alioachiwa na babu yake. Watu walikuja mchana kweupe wakaung'oa, Mwahija akatundika mkeka pale penye uwazi na akalala hivyo msimu mzima wa kusi. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Wifi yangu ung'ongo anaushika kutwa, lakini karata asiione.

Akamwambia Bakary barua ya posa irudishwe. Warda akajifungia chumbani. Mimi nikapandwa na hasira, nikamwambia wifi kwamba anamhukumu mtoto wa watu kwa makosa ya marehemu, na kama ana uhakika hivyo, aende Masoko akaone kwa macho yake. Nilisema kwa hasira tu, sikudhani ataenda. Akaingia ndani, akatoka amevaa baibui.

Basi Bakary akaishikilia barua kwanza, sisi tukaenda. Huyo Alex ni fundi umeme aliyehamia kutoka Dar, na barazani kwake ameweka meza, viti, na kabati la kioo lenye kadi. Si zile karata za kopa na shupaza. Ni kadi za picha, za majoka, samaki wenye meno, na wanyama ambao Mungu hajawaumba. Kila mchezaji ana seti yake aliyoipanga, anatoa kadi zake zipigane na za mwenzake, na anayeishiwa uhai ndiye aliyeshindwa. Mwahija akauliza fedha inawekwa wapi. Alex akasema haiwekwi, ukishindwa umeshindwa, unakwenda kwako. Wifi akaguna. Alisema wacheza kamari wote ndivyo wanavyosema, na kwamba atamjua Yasini siku atakayokaa naye meza moja. Akataka auziwe seti, ya bei ya chini kabisa.

Nilitamani ardhi ipasuke nitumbukie.

Alex naye, mtu wa biashara, akaanza na vipakiti vidogo vilivyofungwa. Akaeleza kwamba humo hujui umebahatika nini mpaka ufungue. Unaweza kukuta kadi ya thamani, unaweza kukuta takataka.

"Hii ndiyo kamari yenyewe," Mwahija akasema, "imevalishwa karatasi ya kung'aa tu."

Alex akacheka, kisha akakiri kwamba kweli anayeanza asinunue hivyo, wengi wamemalizia hela zao humo. Akatoa seti zilizopangwa tayari: ya majoka, ya papa, na ya siafu, bei zake zinakaribiana. Mimi ningechukua majoka bila kufikiri, zilikuwa zinawaka hizo picha. Wifi hakuzitazama picha.

"Ipi ambayo nikishainunua, hainiiti tena dukani?"

Alex akajikuna kichwa, akasema swali hilo hajawahi kuulizwa. Akawaza. Majoka, alisema, yanaanza kwa bei ndogo lakini hayana nguvu mpaka uyaongezee kadi za ghali. Papa nao wanataka nyongeza. Siafu ni wanyonge, hakuna kadi hata moja ya kujivunia, ila seti yao imetimia. Wanashuka kwa wingi na kumzonga mtu kabla hajajipanga, na huna cha kuongeza. Mwahija akachukua siafu. Halafu, nikashangaa, akanunua na kipakiti kimoja kilichofungwa, akakitia mkobani bila kunieleza.

Alex akatuazima seti kuukuu ya papa ya kujifunzia, na adui nikawa mimi. Kila baada ya alasiri tunatandika mkeka uani, mimi papa, yeye siafu. Mwanzoni nilikuwa namla vizuri tu, kwa sababu wifi alikuwa anawabana siafu wake mkononi kama mtu anayebana unga wa mwezi wa njaa. Akishindwa anasema mchezo ni mbovu. Siku moja tukasikia kicheko dirishani. Ni Warda, aliyekuwa hajacheka tangu fujo ianze, anamwambia shangazi yake kwamba siafu hawawekwi akiba, wanamwagwa. Tangu hapo sikushinda tena, na wifi akawa kila akipita jikoni ananiuliza kama papa wangu ameshaoza au bado anafaa kukaushwa.

Alipojiona yuko tayari, akamtuma mshenga kwa Yasini. Kijana wa watu akaja barazani kwa Alex na kanzu iliyopigwa pasi, utadhani anakwenda kuozeshwa siku hiyo hiyo. Akaamkia, akaitikiwa marahaba. Mwahija akamwambia kabisa mbele za watu: akimwachia ashinde kwa heshima, atajua, na hapo ndipo watakapoachana.

Mchezo wa kwanza Yasini alishinda, jasho linamtoka. Wa pili siafu wakamfunika, meza ikawa yao. Wifi akamwambia wacheze tena, ajirudishie heshima yake. Yasini akazikusanya kadi zake, akasema leo ameshindwa na magharibi imekaribia. Akijaliwa, Jumamosi nyingine. Mimi moyoni nikapiga vigelegele. Nikamtazama wifi, uso umekauka vile vile. Akaingiza mkono mkobani, akatoa kile kipakiti, akakiweka mbele ya kijana.

"Zawadi yako. Kifungue."

Vijana wengine wakasogea kuangalia. Yasini akakishika, akakigeuza. Nikasema kimoyomoyo, mwanangu fungua basi, zawadi ya mkwe haikataliwi. Akakaa nacho, akakaa nacho, kisha akakirudisha mezani kwa mikono miwili.

"Niwie radhi, shangazi. Nikikifungua hiki leo, kesho nitataka kingine. Najijua. Mwaka juzi nilibakiza kidogo niuze vifaa vyangu vya kazi kwa ajili ya hivi. Seti yangu nimeshaipanga, nacheza hiyo hiyo."

Nilitaka kumziba mdomo. Mtu anaulizwa na nani? Anakaa mbele ya mjane wa Fakihi anajisema mwenyewe kwamba ana ugonjwa ule ule! Nikajua yamekwisha, nikaanza kupanga maneno ya kumwambia Warda. Mwahija akakichukua kipakiti, akamrudishia Alex, akaaga. Garini akatoa ukili wake, akausuka mpaka Kivinje.

Tulimkuta Bakary uani anatusubiri. Wifi hata baibui hakuvua.

"Kaka, mjibu mshenga. Mimi nimeridhika."

Nilikaa chini pale pale kwa furaha. Lakini mimi nami sina breki, badala ya kushukuru nikamuuliza ameridhika vipi, na mtu amesema kwa kinywa chake.

"Ndiyo hilo nililokuwa nalitafuta," akasema. "Fakihi kila siku aliniapia kwamba anaweza kuacha wakati wowote anaotaka. Hakuna siku aliyoniambia, Mwahija, hili mimi siliwezi, nisaidie nisilianze. Angeniambia mara moja tu, Naima, ningelala mlangoni asipite."

Halafu akalia, wifi yangu mwenye ulimi, na miaka yote ile sikuwahi kuliona chozi lake. Nikamshika mkono. Akaniacha nimshike kidogo, akajifuta uso kwa ncha ya mtandio, akaniuliza kama nimekaa pale kumhesabia machozi au ninakwenda kumwambia mwanangu kwamba anaolewa. Nikaenda mbio.